Shangingi la mtumba: dizeli au petroli?

Samahani kwa kupotea, kazi za gazeti zilinibana. Leo siasa naiweka kando. Nataka tuzungumze jambo ambalo limeigawa familia yetu tangu Pasaka: baba yangu mdogo amestaafu, amepata mafao yake, na anataka kununua shangingi.

Nieleweke mapema. Mimi sina gari. Asubuhi nagombea mlango wa daladala kama wengi wenu, na siku mfukoni kukiwa na nafuu napanda bodaboda. Kwa hiyo kuna mtu atauliza, huyu mwandishi wa kuning'inia mlangoni ana mamlaka gani ya kuzungumzia injini za mashangingi? Swali zuri. Baba mdogo naye aliniuliza hivyo hivyo.

Yeye alikuwa dereva wa serikali kwa miaka 31. Ameendesha mkonga kwenye matope ya mikoani, ameendesha VX ya bosi kutoka Dar mpaka Dodoma na kurudi siku hiyo hiyo, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki hata pikipiki. Miaka 31 ya kufungua mlango ili mtu mwingine ashuke. Sasa amefika 60, yuko Kimara na mama mdogo, na anasema kabla hajafa anataka kushuka kwenye shangingi lake mwenyewe. Nani atamlaumu? Mimi simlaumu.

Ugomvi wetu uko kwenye injini. Dalali amemwonyesha Prado mbili za mtumba, zote za mwaka 2005. Moja ni ya petroli, lita 2.7. Nyingine ni ya dizeli, lita 3.0, na bei yake iko juu kwa shilingi milioni sita. Baba mdogo anataka ya dizeli. Hoja yake ni sentensi moja: "Mwanangu, dizeli haifi." Kijiwe chake kizima kinamuunga mkono. Fundi anamuunga mkono. Dalali naye, bila shaka, anamuunga mkono kuliko wote.

Mimi nasema achukue ya petroli. Naomba nieleze kwa nini, maana naamini wengi wetu tunaoanza kupata vijisenti tutakuja kusimama kwenye yadi hizo hizo na swali hilo hilo.

Tuanze na haki ya dizeli, tusije tukaitwa wachonganishi. Injini ya petroli hukandamiza mchanganyiko wa hewa na mafuta kama mara kumi hivi, kisha plagi inatoa cheche na mafuta yanawaka. Dizeli haina plagi ya cheche. Inakandamiza hewa peke yake mara 16 au hata zaidi ya 20, hewa inapata moto mkali, na mafuta yakipulizwa ndani yanawaka yenyewe. Mkandamizo huo mkubwa ndio unaoifanya dizeli itumie mafuta vizuri. Isitoshe, lita moja ya dizeli ina nishati kubwa kuliko lita ya petroli, kwa zaidi ya asilimia 10. Na nguvu ya kuvuta inakuja mapema, injini ikiwa bado inazunguka taratibu. Ukiwa na familia nzima, magunia mawili ya viazi na mlima Kitonga uko mbele yako, hapo dizeli ni rafiki wa kweli. Petroli ya 2.7 itapanda, lakini itapanda ikilia.

Hayo yote ni kweli. Tatizo ni hiyo sentensi, "dizeli haifi".

Nilimuuliza baba mdogo ni dizeli gani anayoikumbuka. Akaniambia ni ile ya mkonga. Nikaenda kusoma. Injini hiyo inaitwa 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina turbo, pampu yake ya mafuta inafanya kazi kimekanika tu. Ilianza kutumika mwaka 1990, na mpaka leo utaikuta kwenye magari ya watalii na ya misheni vijijini. Fundi mwenye spana na akili timamu anaweza kuihudumia chini ya mwembe. Hiyo ndiyo dizeli iliyojenga jina nchini kwetu.

Lakini Prado anayoitaka haina injini hiyo. Ina 1KD. Hii ina turbo, ina kompyuta, na mafuta hayapulizwi tena na pampu ya kizamani. Yanasukumwa kwenye bomba moja la pamoja kwa mgandamizo wa zaidi ya baa 1,300, halafu nozeli zinazofunguliwa kwa umeme ndizo zinazoyapuliza ndani ya silinda. Ili upate picha, tairi la gari lako lina baa mbili hivi. Nozeli inayofanya kazi kwenye mgandamizo wa namna hiyo haivumilii uchafu wala maji kwenye mafuta. Vijitundu vyake ni vidogo mno.

Ni injini nzuri, nisiichafulie jina. Ina nguvu, ni tulivu, haili mafuta sana. Lakini magonjwa yake mafundi wa nchi nyingi wanayajua. Washa ndogo za shaba zilizo chini ya nozeli zikianza kuvuja, moshi wa ndani ya silinda unaingia kwenye oili, oili inakuwa nzito kama lami, na mwisho chujio la chini kwenye sampu linaziba. Injini ikikosa oili, safari imekwisha. Mkanda wa taimingi nao una muda wake wa kubadilishwa, na gari lina taa ya T-BELT ya kukukumbusha. Taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa. Yule aliyekuuzia amebadilisha mkanda au amezima taa? Hapo ndipo penye kitendawili. Ile ya petroli ya 2.7 inatumia cheni, hilo halikuhusu sana.

Kwa maneno mengine, tunanunua gari moja kwa sifa za gari jingine. Ni kama kumuoa mtu kwa sababu bibi yake alikuwa mpishi mzuri.

Kuna jambo jingine ambalo kijiweni halisemwi. Magari haya mengi yanatoka Japani, na Japani yenyewe ilishaanza kuibana dizeli zamani. Tokyo ilianza kuzuia malori na mabasi ya dizeli yasiyokidhi kiwango cha moshi Oktoba 2003, na sheria za nchi hiyo zikafanya magari mengi ya dizeli ya zamani yasiweze kusajiliwa tena kwenye miji mikubwa. Mwaka 2007 Toyota ikaacha kuuza Prado ya dizeli nchini kwao. Ikairudisha mwaka 2015, safari hii na injini mpya ya lita 2.8. Maana yake ni nini kwa mnunuzi wa Kinondoni? Prado ya dizeli kutoka Japani ama ni ya 2007 kurudi nyuma, ama ni ya 2015 kuja mbele, ambayo bei yake baba mdogo akiisikia atahitaji maji ya kunywa. Ya katikati zinatoka Uingereza na kwingineko. Ya petroli ipo ya kila mwaka. Kwa hiyo kwa fedha ile ile ya dizeli iliyochoka, mara nyingi unaweza kupata petroli iliyo changa zaidi. Hili peke yake lingetosha kumfanya mtu afikirie mara mbili.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Nilikaa na baba mdogo barazani, nikachukua daftari langu la kazi, tukaandika safari zake za mwaka mzima. Mjini mara tatu kwa wiki, kwenda na kurudi, kilometa 6,000. Nyumbani Njombe mara mbili kwa mwaka, kila safari kama kilometa 1,400 kwenda na kurudi, jumla 2,800. Kanisani, misibani, harusini, weka 1,200. Jumla kilometa 10,000.

Petroli ya 2.7 kwa foleni zetu nikaipa kilometa saba kwa lita. Dizeli nikaipa tisa. Petroli itakunywa lita 1,429, dizeli lita 1,111. Tofauti ni lita 318. Tuweke bei ya shilingi 3,000 kwa lita kwa mafuta yote mawili, ili hesabu iwe rahisi. Dizeli inamwokolea shilingi 954,000 kwa mwaka. Hata dizeli ikiwa nafuu kwa shilingi 100 kwa lita, anaongeza kama laki moja na elfu kumi tu juu ya hapo. Kwa ufupi, milioni moja kwa mwaka.

Baba mdogo akatabasamu. "Umeona?"

Nikamwambia subiri. Bei ya dizeli iko juu kwa milioni sita. Kwa akiba ya milioni moja kwa mwaka, atahitaji miaka sita kurudisha ile tofauti peke yake. Atakuwa na miaka 66, na gari litakuwa kuukuu kupindukia. Na hapo tumekubaliana kwamba katika miaka hiyo sita hakuna nozeli hata moja itakayokufa. Nilizunguka Gerezani kuulizia: nozeli nne mpya nilitajiwa zaidi ya milioni tatu, ufundi pembeni. Plagi nne za petroli? Fedha ya kitoweo cha wiki chache.

Halafu wapo wanaosema dizeli ni rahisi siku zote. Si kweli siku zote. EWURA inatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na anayefuatilia anakumbuka kwamba miezi ya mwisho ya mwaka 2022 dizeli ilikuwa juu ya petroli. Bei inapangwa na soko la dunia, haijali wewe ulinunua injini gani. Ushuru wa bidhaa nao hausaidii kuamua: injini zote mbili zinazidi cc 2,000, kwa hiyo ziko kwenye kundi moja. Ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, ikahamishiwa kwenye mafuta kwa kuongeza shilingi 40 kwa kila lita, ya petroli na ya dizeli pia. Hapo dizeli inanufaika kidogo kwa kuwa inakunywa kidogo. Kidogo.

Kuhusu ubora wa mafuta, nitakuwa mkweli kwa pande zote. Hali si kama ya zamani. Kuna wakati mafuta ya taa yalichanganywa kwenye dizeli kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo, mpaka serikali ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na kuipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Na mwaka 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kwa salfa kwenye dizeli kikawa sehemu 50 kwa milioni. Huo ni unafuu mkubwa. Lakini tanki la chini la kituo cha pembezoni likiingia maji wakati wa masika, vinasaba havitakusaidia. Rafiki yangu wa chumba cha habari anajua. Alijaza dizeli kwenye kituo kimoja njiani, gari likatembea kilometa chache, likazima. Bili aliyoletewa ilizidi mshahara wake wa miezi mitatu. Mpaka leo tukimtania "dizeli haifi" hacheki.

Kuna na ile ya mweka mafuta aliyechoka anayekutilia petroli kwenye gari la dizeli. Kwenye mkonga wa zamani ungeweza kunyonya tanki ukaendelea na safari. Kwenye injini za kisasa, dizeli ndiyo inayolainisha pampu. Petroli hailainishi. Ukiwasha tu, pampu inaanza kujisaga na vipande vya chuma vinasafiri kuelekea kwenye nozeli.

Na kwa wale wenye uwezo zaidi, mnaotolea macho dizeli za kisasa, za Ulaya au hiyo Prado ya 2.8, kuna kitu kinaitwa chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo linajisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili yaungue, moshi lazima uwe wa moto sana, yaani gari likimbie barabara kuu kwa muda. Sasa niambie, gari linalotoka Tegeta kwenda Posta kwa saa mbili, mguu uko breki, litayachoma masizi saa ngapi? Linaziba, taa inawaka, fundi anakushauri ulitoboe. Prado ya 2.8 iliyouzwa Japani inahitaji pia kimiminika cha urea kiitwacho AdBlue. Teknolojia hizi zilitengenezwa kwa ajili ya hewa safi, jambo jema kabisa, lakini zinadhani barabara yako inatembea.

Sasa naomba nisieleweke vibaya. Sisemi dizeli ni mbaya. Kama wewe ni mkulima wa mpunga Mbarali, kama unavuta tela, kama kazi yako ni mikoani na unatembea kilometa 30,000 kwa mwaka, hesabu inageuka. Kwa viwango vile vile utaokoa lita zaidi ya 950, karibu milioni tatu kwa mwaka, na zile milioni sita zinarudi kwa miaka miwili. Hapo nunua dizeli na usisikilize mwandishi wa habari. Vilevile petroli haina utakatifu. Ile ya V6 ya lita 4.0 ni tamu kuendesha, lakini foleni ya Mwenge itakufundisha kusali. Ninayoitetea ni ile 2.7 ya kawaida, isiyo na sifa, ambayo kijiweni wanaiita ya kina mama.

Na ukishaamua, iwe ipi, nenda kaitazame asubuhi injini ikiwa ya baridi. Ukifika ukakuta muuzaji ameshaiwasha "ili ipate joto", jiulize anaficha nini. Tazama moshi: wa bluu ni oili inaungua, mweupe usioisha hata injini ikipata joto unaweza kuwa maji yanaingia ndani, mweusi mzito kwenye dizeli mara nyingi ni nozeli au hewa haitoshi. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Kilometa za kwenye dashibodi usiziamini peke yake, zinarudishwa. Tazama usukani, pedeli na kiti cha dereva, hivyo havirudishwi.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Nilimuuliza baba mdogo, katika miaka 31 aliwahi kulipia mafuta ya shangingi kutoka mfukoni mwake? Akacheka. Aliwahi kununua nozeli? Hapana, alikuwa anajaza fomu, gari linakwenda TEMESA, linarudi. Aliwahi kuona bili? Ilikwenda kwa mhasibu.

Nadhani hapo ndipo ulipo mzizi wa imani yetu. Sifa za shangingi la dizeli tumezirithi kutoka kwa magari ambayo hayakuwa na mwenyewe. Lilikuwa halifi kwa sababu kila lilipougua kulikuwa na mtu mwingine wa kulilipia hospitali. Yaani mimi, wewe na mama muuza vitumbua, kupitia kodi zetu. Sasa mtu anastaafu, anaondoka na imani ile ile, lakini yule mhasibu habebeki. Mfuko unabaki mmoja, nao hautajazwa tena. Mafao hayaji mara mbili. Nozeli ikifa, inakufa na ada ya mjukuu, au na bati la nyumba ya Njombe.

Sikuyasema haya kwa ukali. Ni baba yangu, ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano nikiwa sina mbele wala nyuma, kwa posho za safari za hiyo hiyo VX. Alikaa kimya muda mrefu, akilitazama daftari. Mama mdogo akaleta chai. Mwishowe akaniambia, "Mwanangu, mimi nilijua kuendesha. Kumiliki sijawahi kujifunza."

Halafu akavaa miwani, akaipitia hesabu upya kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akikagua kitabu cha safari. Akanikosoa sehemu moja: nimesahau matairi. Kweli nilisahau.

Jumamosi tunakwenda kuitazama ile ya petroli. Amesema fundi atamchagua yeye, na safari ya majaribio ataendesha yeye, mimi nikae nyuma kama bosi. Nimekubali yote mawili.

Nawasilisha.